Mlingonberi: mwongozo kamili wa kuutambua, kuchuma, kuhifadhi, kupika na kupanda

Jaza chupa ya kioo lingonberi zilizoiva, yaani zile beri ndogo nyekundu za misitu ya kaskazini. Mimina maji yaliyochemshwa yakapoa mpaka yazifunike, funga kifuniko, kisha weka mahali penye baridi na giza. Usitie sukari, siki wala chumvi. Fungua baada ya miezi minne: beri ziko vilevile, nyekundu na nzima, na maji yamegeuka rangi ya waridi. Jaribu hivyo na stroberi na kabla ya wiki mbili utamwaga kila kitu.

Kinachofanya kazi humo ni asidi ya benzoiki. Ndiyo hiyo ambayo viwanda vya soda na sosi hutia kwenye bidhaa, katika umbo la benzoeti ya sodiamu, ili zisiharibike. Lingonberi hujitengenezea yenyewe, na ukali wake wa asili huipa asidi hiyo nguvu zaidi. Kabla ya friji, na kabla sukari haijawa rahisi kupatikana, familia za Uswidi na Ufini zilivuka majira ya baridi zikila tunda hili kutoka kwenye mapipa ya maji.

Nimeanza na chupa hiyo kwa sababu inaeleza tabia ya mmea mzima. Mlingonberi hauhitaji mengi, na karibu kila kosa ninaloliona, pamoja na yale niliyoyafanya mwenyewe, ni la kuzidisha: mbolea nyingi, chokaa, sukari nyingi, moto mwingi.

Jina na ukoo

Kiswahili hakina jina la mmea huu, kwa hiyo mti nitauita mlingonberi na tunda nitaliita lingonberi, kutokana na neno la Kiswidi *lingon*. Wafini husema *puolukka*, Wanorwe *tyttebær*, Warusi *brusnika*, Wajerumani *Preiselbeere*. Kule Newfoundland, Kanada, watu hutumia jina lenye maana ya beri ya kwale. Jina la kitaalamu ni *Vaccinium vitis-idaea*, alilolitoa Carl Linnaeus mwaka 1753, na sehemu yake ya pili maana yake ni mzabibu wa Mlima Ida. Ni ndugu wa bluberi na kranberi.

Unaota kuizunguka dunia yote upande wa kaskazini: Skandinavia, nchi za Baltiki, Urusi mpaka Siberia, Japani, Alaska na Kanada. Ule wa Amerika ya Kaskazini ni mfupi zaidi na majani yake ni madogo, lakini kwa mpishi na mchumaji ni mmea uleule.

Kuutambua bila kukosea

Usitazame beri kwanza. Beri nyekundu ziko nyingi msituni na baadhi zina sumu. Piga goti, chuma jani moja, uligeuze.

Upande wa juu ni kijani kilichokolea, unang'aa kama uliopakwa mafuta, na jani lenyewe ni gumu kama ngozi nyembamba. Umbo lake ni la yai, urefu kati ya sentimita moja na tatu. Kingo zimejikunja kidogo kuelekea chini. Pitisha kidole utazihisi. Upande wa chini rangi imefifia, na ukiusogeza karibu na jicho utaona nukta ndogo za kahawia iliyokoza zilizotawanyika. Nukta hizo ni tezi, nami huziamini kuliko alama nyingine yoyote ya mmea huu.

Mmea wenyewe ni kichaka kifupi, kwa kawaida sentimita 10 hadi 30, chenye majani mwaka mzima hata kikiwa kimefunikwa na theluji. Hutambaa kwa mashina yanayopita chini ya udongo, hivyo kile unachokiona kama zulia la mamia ya miche huenda ni mmea mmoja. Maua ni meupe yenye wekundu kidogo, yana umbo la kengele na huning'inia kwa vishada mwishoni mwa vitawi. Beri ni za mviringo, kipenyo cha milimita 6 hadi 10, nazo pia hukaa kwa vishada.

Mimea minne ndiyo huwachanganya watu.

Wa kwanza ni *Arctostaphylos uva-ursi*, ambao katika lugha nyingi za Ulaya huitwa beri ya dubu. Huota mahali palepale, kwenye mchanga wa misonobari. Jani lake ni bapa, halina kingo zilizojikunja, halina nukta, na mishipa yake hufanya wavu unaoonekana wazi. Beri yake haina sumu, ila ukiitafuna utadhani umetia unga mdomoni.

Wa pili ni kranberi ya mwitu, *Vaccinium oxycoccos*. Huu hupenda vinamasi, vishina vyake ni vyembamba kama uzi na hulala juu ya kuvumwani. Ukiuchuma kwa bahati mbaya hujapoteza kitu, maana unalika vizuri.

Hao wawili wengine ni hatari. *Convallaria majalis* una majani mawili au matatu makubwa, laini, yanayochomoza moja kwa moja kutoka ardhini, na beri zake nyekundu zina sumu inayoshika moyo. *Daphne mezereum* ni kichaka kilichosimama wima, mara nyingi kupita nusu mita, na beri zake zimebanana kwenye shina lenyewe. Sumu yake ni kali sana. Ukienda na watoto, waonyeshe kwanza jani lenye nukta, na sheria iwe moja: bila nukta hatuchumi.

Wapi na lini

Tafuta msitu mkavu wa misonobari wenye mwanga, vilima vya mchanga, na hasa maeneo yaliyokatwa miti miaka kadhaa iliyopita. Msitu mzito wenye kivuli utakupa majani mazuri na beri chache. Mahali miti ilipokatwa, anza kwenye visiki vya zamani: zulia hupanda juu ya kisiki, jua hulipiga kutoka pande zote, na beri hujaa mpaka majani hayaonekani.

Maua huja Mei na Juni. Jalidi ikishuka usiku wa wakati huo huua maua, na ndiyo sababu sehemu iliyojaa mwaka jana inaweza kuwa tupu mwaka huu. Beri huanza kuiva mwishoni mwa Agosti, na Septemba ndio mwezi wake hasa.

Usiwe na haraka. Beri huanza kuwa nyekundu upande wa jua ilhali upande wa chini bado mweupe, na mchumaji mwenye pupa huzibeba hivyohivyo. Ile ya nusu nyeupe ni chungu, na uchungu huo hautoki kwa sukari. Geuza beri kumi kabla ya kuanza. Kama tatu zina doa jeupe, rudi baada ya wiki. Lingonberi iliyoiva ni ngumu na hukaa kwenye kishada kwa muda mrefu, kwa hiyo wiki moja haitakunyima kitu. Zinazobaki hukaa chini ya theluji hadi majira ya kuchipua, zikiwa laini na zenye ukali uliopungua, nao ndege na wanyama huzitegemea.

Kuhusu ruhusa: Uswidi, Norwe na Ufini zina haki ya kila mtu kutembea katika maumbile, Waswidi wakiiita *allemansrätten* na Wafini *jokamiehenoikeus*. Kwa haki hiyo unaweza kuchuma beri za mwitu hata kwenye msitu wa mtu binafsi bila kuomba, mradi usiingie kwenye uwanja wa nyumba, usiharibu mashamba na miche, na usome kanuni za hifadhi kama uko ndani ya hifadhi. Ufini, pesa unazopata kwa kuuza beri ulizochuma mwenyewe hazitozwi kodi ya mapato. Haki hii usiichukulie kwamba iko kila nchi. Nje ya nchi hizo tatu uliza kwanza.

Kuchuma

Unaweza kutumia vidole, au kitana cha beri: kisanduku chenye mpini juu na meno marefu ya chuma au plastiki mbele. Kwa kitana, ingiza meno chini ya vishada, nyanyua taratibu huku ukikirudisha kwako, na usivute kwa nguvu. Ukisikia vitawi vinakatika, umeingia chini mno. Kitana hufanya kazi vizuri pale beri zilipo nyingi na nyasi chache. Penye beri za hapa na pale, vidole ni bora, na mavuno yake hayahitaji kusafishwa sana.

Chukua ndoo ngumu badala ya mfuko, kwani mfuko huzibana. Lita moja ya lingonberi ina uzito wa takriban gramu 600, hivyo ndoo ya lita 10 iliyojaa ni kilo sita za kubeba kutoka msituni. Chuma siku kavu. Beri zilizolowa hushikana na majani, na kuzisafisha kutakuchosha kuliko kuzichuma.

Kusafisha kwa ubao

Watu wengi humwaga ndoo nzima kwenye beseni la maji. Mimi sishauri hivyo, maana majani yakilowa hung'ang'ania beri.

Tafuta ubao wa urefu wa kama mita moja na uufunike kwa kitambaa chenye manyoya, blanketi kuukuu la sufu kwa mfano. Uinamishe, na chini yake weka beseni pana. Mwaga konzi moja ya beri juu. Beri nzima ni za mviringo na ngumu, hivyo zitabiringika zenyewe hadi kwenye beseni, na majani, vijiti na beri zilizopondeka vitabaki vimenasa kwenye manyoya. Ubao ukiwa bapa mno beri hazishuki, ukiinama mno takataka nazo huteleza. Sogeza tofali la chini kidogo kidogo mpaka upate pembe yake. Kila baada ya makonzi matano au sita kung'uta kitambaa. Ndoo ya lita 10 huisha katika muda mfupi, na unachobaki nacho ni kutoa kwa mkono zile chache zenye doa jeupe. Osha kwa maji baridi mwishoni, na kiasi unachotumia siku hiyo tu.

Kuhifadhi

Njia rahisi ni kugandisha. Beri kavu zilizosafishwa zitie kwenye mfuko au kopo kama zilivyo. Hazishikani sana kama matunda laini, na unaweza kuchota kiasi unachotaka. Zitakaa mwaka mzima.

Njia ya maji nimeieleza mwanzo. Waswidi huiita *vattlingon*. Masharti yake ni matatu: beri nzima tu bila hata moja iliyopondeka, chupa iliyochemshwa, na mahali pa baridi kama friji au chumba cha chini ya nyumba. Ukiona ukungu juu au gesi inatoka unapofungua, mwaga yote. Asidi ya benzoiki inasaidia sana, lakini haikingi chupa chafu. Yale maji ya waridi usiyamwage: tia sukari kidogo, unywe.

Njia ya tatu ndiyo ninayoipenda kuliko zote: lingonberi za kukoroga mbichi, *rårörda lingon*. Kilo moja ya beri, gramu 400 hadi 500 za sukari, bakuli na kijiko cha mti. Hakuna jiko. Koroga kwa dakika kumi, ukiponda baadhi ya beri pembeni mwa bakuli ili zitoe maji. Sukari haitayeyuka yote, na hapo ndipo watu hukata tamaa na kuwasha moto. Acha. Funika, urudi baada ya nusu saa, koroga tena, na ufanye hivyo mara tatu au nne. Mchanganyiko utaanza kama mchanga mwekundu, kisha utang'aa, kisha utashika uzito wenyewe kwa sababu tunda lina pektini, kile kitu cha asili kinachogandisha jamu. Kijiko kikipita bila kukwaruza chini, tayari. Kwenye friji hukaa wiki nyingi. Ladha yake ni ya beri yenyewe, kali na safi, na ukiishaizoea utaona jamu ya kupika imepoteza kitu.

Ukitaka jamu ya kupika kwa ajili ya kukaa muda mrefu: kilo moja ya beri na desilita moja (mililita 100) ya maji, chemsha dakika 5 hadi 10 mpaka zipasuke, toa motoni, *kisha* tia gramu 500 za sukari na ukoroge. Ondoa povu, jaza kwenye chupa za moto, funga.

Tahadhari kwa wanaopenda kutengeneza mvinyo wa matunda: ile asidi inayozuia ukungu huizuia hamira pia, na juisi tupu ya lingonberi huchachuka kwa shida. Wanaofanikiwa huizimua kwa maji, huichanganya na matunda mengine, na huanza na hamira iliyokwisha kuamka.

Kupika na kula

Lingonberi kazi yake mezani ni kukata mafuta. Ndiyo maana Uswidi huwekwa kando ya *köttbullar*, yaani vitonge vya nyama ya kusaga vyenye mchuzi mzito wa krimu, na kando ya *raggmunk*, chapati nyembamba za viazi zinazoliwa na nyama ya nguruwe iliyokaangwa. Ufini huliwa na *poronkäristys*, nyama ya reinda iliyokatwa nyembamba na kupikwa taratibu kwa siagi, juu ya viazi vya kuponda. Austria na Ujerumani huambatana na nyama ya mawindo. Kanuni ni ileile kila mahali: chakula kizito, chenye chumvi na mafuta, na kijiko kimoja cha kitu chekundu chenye ukali pembeni. Usiimwagie juu ya chakula chote. Kila tonge lichukue kidogo.

Vyakula viwili ningependa ujaribu kwa mkono wako.

Cha kwanza ni *mors*, kinywaji cha Warusi. Ponda gramu 500 za lingonberi, kamua kupitia kitambaa, na ile juisi iweke kando kwenye friji. Makapi yachemshe kwenye lita 2 za maji kwa dakika 5 hadi 10, chuja, tia gramu 150 za sukari, acha ipoe kabisa. Sasa ndipo urudishe ile juisi mbichi. Ukiitia wakati maji ni ya moto, rangi inafifia na harufu inapotea.

Cha pili ni *vispipuuro* cha Wafini, na watoto hukipenda kwa sababu wanakiona kikigeuka mbele ya macho yao. Chemsha gramu 200 za lingonberi katika lita moja ya maji kwa dakika 10, chuja, rudisha jikoni na sukari desilita moja na chumvi chembe. Nyunyiza desilita moja na nusu ya semolina, ule unga wa ngano wa chengachenga, huku ukikoroga, acha ichemke taratibu kwa dakika 10. Utapata uji mzito wa rangi ya damu ya mzee, usiovutia. Uache upoe kabisa. Haraka hapa haisaidii, ukiupiga ukiwa vuguvugu hautaumuka. Ukishapoa, upige kwa mashine ya kupigia mayai. Dakika ya kwanza hakuna kitu. Kisha pembeni unaanza kuwa waridi, kisha unapanda, na baada ya dakika 5 hadi 10 bakuli limejaa povu zito la waridi hafifu, karibu maradufu ya ulivyokuwa. Mimina maziwa baridi juu, ule.

Kwa afya: nini kinajulikana

Beri ina nishati kidogo, kama kalori 50 kwa gramu 100, na ina rangi asilia na tanini nyingi ambazo watafiti wanazifuatilia. Vitamini C ipo lakini si nyingi. Ukiitafuta hiyo, machungwa ni bora.

Utafiti unaotajwa sana ulifanyika Ufini na kuchapishwa mwaka 2001. Wanawake 150 waliopata maambukizi ya njia ya mkojo waligawanywa makundi matatu, na kundi moja likanywa kila siku mililita 50 za juisi iliyotokana na kranberi na lingonberi kwa miezi sita. Katika kundi hilo asilimia 16 walipata maambukizi tena, wakati kwa wale wasiopewa chochote ilikuwa asilimia 36. Ni matokeo ya kutia moyo, lakini soma vizuri: juisi ilikuwa ya mchanganyiko, na ilikuwa ya kuzuia ugonjwa usirudi. Haikuwa ya kutibu. Mwenye homa, maumivu ya ubavu au damu kwenye mkojo aende hospitali siku hiyohiyo.

Majani ni habari nyingine, na hapa naomba uwe makini. Urusi majani yaliyokaushwa huuzwa maduka ya dawa kwa ajili ya chai ya kuongeza mkojo. Yana arbutini, ambayo mwilini hutoa haidrokwinoni, kemikali inayoua bakteria kwenye mkojo lakini inayoweza kudhuru ikitumiwa kwa wingi au kwa muda mrefu. Mjamzito, anayenyonyesha, mtoto na mwenye ugonjwa wa figo au ini wasinywe chai hiyo. Wengine wasiifanye kinywaji cha kila siku. Na anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, amuulize daktari wake kabla ya kuanza kunywa juisi nyingi za jamii hii.

Kuupanda

Kwanza jiulize kama hali ya hewa yako inakubali. Mmea huu huhimili baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri ukiwa umefunikwa na theluji, lakini kiangazi kirefu cha joto kali huudhoofisha, na bila majira ya baridi hautoi maua ipasavyo. Kwenye nchi tambarare za joto usipoteze pesa.

Pili, udongo, na hapa ndipo penye kazi. Mlingonberi unataka udongo wenye asidi, pH (kipimo cha uchachu; namba ikiwa ndogo uchachu ni mkubwa) kati ya 4 na 5.5, unaopitisha maji, wenye mboji nyingi na virutubisho vichache. Mizizi yake haina vinyweleo. Huishi kwa ushirika na kuvu wanaoipatia chakula kutoka kwenye mboji chachu, na ushirika huo huharibika udongo ukiwa wa chokaa au umejaa mbolea.

Kitalu changu cha kwanza kilikuwa Skåne, kusini mwa Uswidi, ambako udongo wa sehemu nyingi ni mfinyanzi wenye chokaa. Nilichimba vizuri, nikatia samadi iliyooza, na juu yake nikanyunyiza majivu ya kuni kama nilivyozoea kufanya kwa mboga. Kufikia Julai majani ya juu yalikuwa ya njano huku mishipa ikibaki ya kijani, kana kwamba mtu ameichora kwa kalamu. Hiyo ni dalili ya kukosa madini ya chuma. Chuma kilikuwemo ardhini, lakini majivu na chokaa vilikuwa vimekifunga. Niliongeza mbolea nikidhani ina njaa, na miche tisa kati ya kumi na miwili ikafa. Leo nikiona majani ya namna hiyo napima pH kabla ya kugusa kitu kingine.

Kwa hiyo pima kwanza. Kama udongo wako ni chachu na wa mchanga, chimba kina cha sentimita 20 hadi 30 na uchanganye na udongo wa peti (mboji ya vinamasini) au majani ya msonobari yaliyooza. Kama pH imezidi kidogo, salfa ya unga husaidia, lakini bakteria wa udongo huhitaji miezi mingi kuibadilisha kuwa asidi, kwa hiyo itie mwaka mmoja kabla. Kama udongo ni wa chokaa, usipigane nao. Jenga tuta lililoinuliwa, au tumia vyungu vya upana wa sentimita 30 na zaidi vyenye udongo wa mimea ya asidi.

Miche ya kununua ni bora kuliko ya mbegu, kwa sababu mbegu huhitaji miezi ya baridi ili ziamke na hukawia miaka kuzaa. Koralle, aina ya Kiholanzi ya mwaka 1969, huchanua mara mbili kwa mwaka palipo na kiangazi kirefu. Red Pearl hukua haraka. Sussi na Sanna zilitolewa Uswidi miaka ya 1980. Panda angalau aina mbili: mmea mmoja hujichavusha, lakini ukipata chavua ya jirani beri huwa nyingi na kubwa. Wachavushaji wakuu ni wale nyuki wanene wenye manyoya, ambao huruka hata asubuhi za baridi, kwa hiyo usipulize dawa wakati wa maua.

Acha sentimita 30 kati ya mche na mche. Panda kina kilekile mche uliokuwa nacho kwenye chungu, mwagilia, kisha tandaza sentimita 5 za vumbi la mbao, magome au majani ya msonobari. Matandazo haya ndiyo yatakayokulinda na magugu, na magugu ndiyo adui mkubwa wa miaka miwili ya kwanza. Yang'oe kwa mkono. Jembe lisiingie kabisa, kwa sababu mizizi na mashina ya kutambaa yako sentimita chache tu chini ya uso.

Mwagilia kwa maji ya mvua. Maji ya bomba yenye chokaa hupandisha pH polepole, na utajikuta baada ya miaka miwili na tatizo usilolijua lilikotoka. Udongo uwe na unyevu bila kutuama. Maji yakituama mizizi huoza. Mbolea, kama majani ni ya kijani na vitawi vinakua, usitie. Kama ukuaji umesimama, tia salfeti ya amonia kidogo sana mwanzoni mwa majira ya kuchipua. Samadi mbichi, majivu, chokaa na mbolea zenye klorini viweke mbali.

Mwaka wa kwanza chuma maua uyatupe, ili nguvu iende kwenye mashina ya chini. Beri za kutosha kuonja utazipata mwaka wa pili au wa tatu, na mavuno ya maana kuanzia wa nne. Ukiona majani yamevimba na kuwa mekundu au meupe kama mapele, ni kuvu aitwaye *Exobasidium*. Kata vitawi hivyo na uvichome. Kila baada ya miaka mitatu au minne, kata sehemu moja ya kitalu mpaka sentimita 5 kutoka ardhini wakati mmea bado umelala. Utakosa beri za hapo mwaka huo, lakini vitawi vipya vitazaa vizuri zaidi ya vile vya zamani.

Kabla ya baridi, kama theluji ya kwenu si ya kutegemea, lazia matawi ya msonobari juu ya kitalu ili upepo mkavu usiunguze majani. Na majani yakigeuka rangi ya shaba katikati ya majira ya baridi, yaache. Yatarudi kijani yenyewe joto likianza.